Mrejesho: mashine kuganda nikinakili faili kubwa kwenye diski ya nje

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini mashine yangu ya Linux (RAM GB 16) inaganda nikihamishia nakala rudufu ya GB 40 kwenye diski ya USB, nikidhani diski ndiyo mbovu. Mwanzo inakimbia kama imechanjwa, halafu kimya, hata kuhifadhi faili dogo ni mtihani.

Diski nimeisingizia bure. Mdau aliyesema nitazame /proc/meminfo (faili linaloonyesha matumizi ya RAM) alipiga penyewe: nikinakili, mstari wa Dirty ulipanda hadi karibu GB 3. Hiyo ni data ambayo kerneli (kiini cha Linux) imeshaipokea kwenye keshi, yaani hifadhi ya muda ndani ya RAM, lakini haijafika kwenye diski. Kwa kawaida vm.dirty_ratio, yaani kikomo cha data hiyo, ni asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana. Ukigusa hapo, programu inayoandika inasimamishwa mpaka mzigo upungue. Diski yangu inaandika MB 30 hivi kwa sekunde. Piga hesabu: sekunde 100 za kukodolea macho skrini!

Nimeweka vm.dirty_background_bytes (kiwango ambacho kerneli inaanza kumwaga data kwenye diski kimyakimya) kuwa MB 64 na vm.dirty_bytes (kikomo kilekile cha juu, ila kwa baiti badala ya asilimia) MB 256. Angalizo: thamani ni kwa baiti. Mimi mara ya kwanza niliandika 256 tupu, na haikubadilika kitu, kwa sababu kima cha chini ni kurasa mbili za kumbukumbu (vipande ambavyo kerneli hugawia RAM), ambazo ni zaidi ya baiti 256.

Kunakili kwenyewe kunachukua muda uleule, ila sasa naendelea na kazi nyingine bila kugandiwa.