UKOO WA CHUMBAGENI

*Mamkubwa Rehema, 06:41*
Salaam aleikum jamani. Mama kaanguka tena usiku akienda msalani. Hakuvunjika, goti limechubuka. Nimemkanda.

*Mjomba Salim (Muscat), 06:58*
Waaleikum salaam. Alhamdulillahi. Ya tatu hii tangu Ramadhani. Miguu imechoka, nitaleta fimbo nzuri.

*Juma, 07:03*
Shikamoo mjomba. Fimbo ya kwanza aliisahau dukani 😅

*Mjomba Salim, 07:04*
Marahaba. Wewe acha mzaha.

*Zuhura, 07:20*
Shikamooni wazazi wangu. Mie sidhani ni miguu. Siku ya Idi nilimpima kama tunavyowapima wazee kazini: ainuke kitini, aende mita 3, ageuke, arudi, akae. Sekunde 21. Mzee akifika 12 tu sisi tunaanza kuhofia ataanguka. Nikamwambia arudie huku anahesabu kurudi nyuma kutoka 20. Alipofika 17 akasimama katikati ya sebule. Hakuchoka. Alisimama ili ahesabu.

*Mamdogo Asha, 07:26*
Ehee! Nami nikimsemesha njiani husimama kwanza ndiyo anijibu. Nikasema ni adabu zake za kizamani.

*Zuhura, 07:31*
Si adabu mamdogo. Hatua, mizani, kukata kona, vyote ubongo ndio unaoviendesha. Mwenye ugonjwa wa kusahau ubongo wake haubebi mawili kwa pamoja. Hata wale wanaosahau kidogo tu, bado wanajipikia na kwenda sokoni, mwendo wao huanza kuwa mzito. Waswidi waliwafuatilia wazee, wakaandika mwaka 1997: wengi wa waliosimama pindi wakisemeshwa, ndani ya miezi 6 walikuwa wameshaanguka.

*Mamkubwa Rehema, 07:33*
Zuhura.
Jana nilisikia mlango, nikamwita nikiwa kitandani. "Mama, unakwenda wapi?" Ndipo nikasikia kishindo.

*Zuhura, 07:34*
Hukujua mamkubwa. Nani angejua?

*Juma, 07:36*
Pole mamkubwa. Sote tunamwitaita.

*Mamdogo Asha, 07:45*
Mie niseme lililonikaa. Anaburura miguu, sawa. Lakini anaona watoto wamekaa dirishani, anawakaribisha chai. Na usingizini anapiga mateke. Hayo nayo ni mizani? Asomewe.

*Zuhura, 07:52*
Asomewe, hakuna ubaya. Ila mambo hayo matatu mwambieni daktari kwa pamoja, msimpe moja moja. Kuna aina ya kusahau iitwayo ya Lewy, huja hivyohivyo: kuona watu wasiokuwepo, mateke ya usingizini, mwendo wa kuburura. Sisemi ndiyo ya Bibi. Nasema daktari ajue kabla hajaandika dawa ya kumtuliza. Mwenye aina hiyo ukimpa haloperidol anaweza kukakamaa mwili mzima, na wapo wanaokufa.

*Mjomba Salim, 07:55*
Na zile za usingizi nilizotuma?

*Zuhura, 07:57*
Mjomba, zile akiamka usiku zinamwacha kama mlevi. Lakini msizikate ghafla. Pakiti iende na Bibi kwa daktari, aseme yeye zipunguzwe vipi.

*Mjomba Salim, 07:58*
Astaghfirullah. Nilidhani namsaidia.

*Mamkubwa Rehema, 08:10*
Kile kizulia cha ukumbini nishakitoa. Kandambili nazo?

*Zuhura, 08:12*
Mpe viatu vinavyoshika kisigino. Na taa ya msalani isizimwe. Juma, umeme wa taa hiyo ni wako.

*Juma, 08:13*
Ni wangu. Luku natuma leo.

*Mjomba Salim, 08:30*
Rehema, nipigie video nimwone mama.

*Mamkubwa Rehema, 08:31*
Subiri kaka, anatoka uani. Akishakaa.

*Mamkubwa Rehema, 08:34*
Kakaa. Piga.