Wakuu, nisaidieni kuitambua baiskeli hii ya mbio ya Kihispania kabla sijatoa euro 150

Mzabibuni
Habari zenu wanajamvi. Niko Logroño, kaskazini mwa Hispania, kibarua cha mizabibu. Jirani yangu, bibi mmoja, anauza baiskeli ya marehemu mumewe. Ilikuwa inaning'inia gereji miaka mingi. Anataka euro 150, na amesema hana haraka.

Fremu ni ya chuma, rangi ya bluu iliyopauka. Stika kwenye bomba la chini imekwanguka, limebaki neno "Ciclos" tu, kwingine ni gundi kavu. Mbele pale panapokaa nembo pana matundu mawili matupu. Gia, krenki na breki zote zimeandikwa ZEUS. Nyuma ina meno sita, yaani gia sita. Waya za breki zinachomoza juu ya vishikio kama masharubu ya kamba.

Maswali: ni Zeus kweli? Inafaa kuendeshwa au ni pambo la ukutani? Na 150 ni halali?

KasukuMtoro
Picha mkuu, picha! Mimi nimekulia kwenye Phoenix ya kubebea mkaa, baiskeli isiyo na kerea naiona kama mgonjwa. Nakaa pembeni nasubiri mafundi.

FundiSpoku
Mzabibuni, jina tuliache kwanza. Vifaa haviwezi kukwambia fremu ni ya nani. Zeus walikuwa nadra sana: walitengeneza fremu na karibu kila kitu kinachofungwa juu yake, na vifaa vyao vilifungwa pia kwenye fremu za watu wengine kibao. Ukiona ZEUS kwenye krenki, umejua krenki ni Zeus. Basi.

Neno "Ciclos" nalo linanipa shaka. Hispania ilikuwa na desturi ya mwendesha mbio akistaafu kufungua duka na kubandika jina lake kwenye fremu. Julián Berrendero, aliyeshinda Vuelta, mbio kuu za Hispania, ya 1941 na 1942, alikuwa na duka Madrid na baiskeli zenye jina lake. Bahamontes, bingwa wa Tour de France ya 1959, alikuwa na lake Toledo. Na kila mji ulikuwa na "Ciclos" wake fulani ambaye hajulikani nje ya mkoa. Fremu yenyewe huenda alichomelea fundi mwingine kabisa.

Sasa chukua kalipa, ile ya kupima milimita, unipe haya:

Unene wa nje wa bomba la siti. Likiwa 28.6 ni kipimo cha Kiingereza, likiwa 28 kamili ni cha Kifaransa. Bomba la juu vivyo hivyo, 25.4 au 26.

Namba iliyogongwa kwenye nguzo ya siti. 27.2 ndani ya bomba la 28.6 ni habari njema sana: ukuta wa bomba ni mwembamba, kwa hiyo unaongelea chuma cha daraja la Columbus SL au Reynolds 531, bomba bora za baiskeli za mbio. Ikishuka kwenye 25 na kitu, hilo ni bomba nene la kawaida.

Nafasi kati ya masikio ya nyuma, yale yanayoshika ekseli ya gurudumu, gurudumu likiwa limetolewa. 120 ni za gia tano, 126 ni za sita au saba.

Mwisho, upana wa ganda la chini linaloshika ekseli ya pedali, na maandishi yoyote kwenye vikombe vyake, vile vya kufungia beringi. Hapa ndipo watu wanaliwa hela. 70 ni Kiitaliano. 68 inaweza kuwa Kiingereza au Kifaransa, na thredi zake haziingiliani. Usinunue hata nati moja kabla hujajua.

BintiMrima
Niongezee kidogo, maana niko Bilbao, na Eibar, mji wa huku Nchi ya Basque, si mbali. Ule mji ulikuwa wa mafundi bunduki. Orbea walianza na silaha mwaka 1840, Beistegui Hermanos, yaani BH, nao walianza na silaha 1909, GAC hivyo hivyo. Soko la bunduki liliposinyaa, watu waliokuwa na mashine na mikono ya kutoboa mitutu waliona bomba la baiskeli si kazi ngeni. Vuelta mbili za kwanza, 1935 na 1936, alishinda Mbelgiji Gustaaf Deloor juu ya BH. Zeus naye ni mzaliwa wa huko huko. Kwa hiyo hata kama stika ni ya duka la Logroño, usishangae chuma chake kikawa kimetoka Nchi ya Basque.

Kaka, muulize huyo bibi mumewe alinunua wapi. Wazee wa huku wanatunza risiti.

DalaliWaMjini
Mnamzungusha. Kwangua rangi yote, piga nyekundu ya kung'aa, weka stika za Zeus, zinauzwa mtandaoni. Unauza mara tatu ya bei hiyo.

FundiSpoku
Dalali, huo ni utapeli, na hata kama biashara haulipi. Anayetafuta baiskeli hizi anataka rangi ya kwanza, hata ikiwa na makovu. Nta kidogo na kitambaa laini, imetosha.

Mzabibuni, kabla ya pesa kuna ukaguzi wa fremu. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, pale linapokutana na kichwa cha mbele, lile bomba fupi linaloshika usukani. Ukihisi kijikunjo, hata kidogo tu, baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Shukuru, ondoka. Kisha funga uzi kwenye sikio la nyuma la kushoto, uzungushe mbele ya kichwa, urudi sikio la kulia. Pima kutoka uzi hadi bomba la siti kila upande. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3, fremu imepinda.

Jaribu pia kama nguzo ya siti na shingo ya usukani zinazunguka. Aluminiamu ikikaa miaka ndani ya chuma inashikana vibaya mno, kuitoa inaweza kukugharimu kuliko baiskeli.

Mzabibuni
Shukrani wakuu. Nimerudi na majibu.

Bomba la siti 28.6, la juu 25.4. Nguzo imegongwa 27.2, na inazunguka! Nyuma 126. Ganda 68, kikombe cha kushoto kimeandikwa 35x1. Masikio ya nyuma yamegongwa ZEUS. Chini ya ganda pana namba ya tarakimu tatu tu. Hakuna kijikunjo, na uzi umetoa tofauti isiyofika milimita 1. Nilipogeuza fremu imemwaga vumbi la kutu, si vipande. Tairi ni zile za kugundishwa kwenye rimu, zimekauka na kupasuka.

Dada BintiMrima, risiti hana, ila anakumbuka mumewe alipimwa mwili dukani, hapa hapa mjini, mwishoni mwa miaka ya 70.

FundiSpoku
Lipa hiyo 150 na usiombe punguzo.

Bomba za Kiingereza, thredi za Kifaransa: 35x1 ni Kifaransa. Usishangae mchanganyiko huo kwa Wahispania. Meno sita na waya za juu vinakubaliana na kumbukumbu ya bibi. Kupimwa mwili na namba fupi vinaelekea kwa fundi mdogo, si kiwandani. Kwa hiyo usiiuze kama fremu ya Zeus. Ni fremu nzuri ya fundi wa mkoani, yenye masikio na vifaa vya Zeus.

Tairi hizo ng'oa zote pamoja na gundi, usipande hata kufika kona. Ekseli ya pedali fungua upande wa kushoto tu. Kikombe cha kulia kisafishe kikiwa mahali pake; kama njia ya beringi haijachimbika, kiache. Weka gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, na grisi ya kutosha. Kikombe kikiwa kimekufa, kuna vya kisasa visivyotegemea thredi, vinajibana vyenyewe ndani ya ganda.

KasukuMtoro
Na picha bado hatujaziona.