Fundi kanirudishia petroli ILE ILE kwenye tangi!!!

Kamwene wakuu. Nimetoka kijiweni sasa hivi mikono inatetemeka na wala siyo baridi ya Njombe hii, ni hasira. Yule fundi mnamjua, wa pale karibu na sheli, wa kofia ya kijani haivui hata jua liwake vipi. Simtaji mods wasije wakanifungia, ila mnamjua.

Nina pikipiki CG125 ya marehemu mzee, zile Honda za push rodi haswa (injini ya vijiti vya kusukuma valvu), siyo hizi za juzi. Mvua zilivyoanza Novemba nikaipaki stoo maana barabara ya kwetu ikishalowa ni utelezi mtupu. Juni hii naitoa, piga kiki, piga kiki, hola. Hapo hakuna maajabu, petroli ikikaa miezi kwenye kabureta inakauka inabaki gundi, jeti ndogo, kile kitundu cha kupitisha mafuta, inaziba, mtoto wa darasa la pili anajua. Nikampelekea: safisha kabureta, mwaga petroli yote, badili oili, cheki plagi. Kazi ya asubuhi moja.

Kabureta kafungua vizuri tu, kapuliza, jeti unaona mwanga upande wa pili. Petroli kaikinga kwenye kidumu, imekuwa chai ya rangi kabisa, inanuka vanishi, chini kutu za tangi unaziona kwa macho. Nikajua nimepata fundi. Halafu wakuu, mbele ya macho yangu, JAMAA KABEBA KIDUMU KAMIMINA PETROLI ILE ILE KWENYE TANGI. Na kutu zake! Namuuliza fundi vipi tena, ananijibu kwa sauti boda wote wasikie, "bosi mafuta bei juu, haya bado mazima." Kijiwe kizima kicheko, kuna dogo kakaa chini kabisa kashika tumbo.

Ikawaka, ikakohoa, ikazima. Eti elfu ishirini ya ufundi. Ya ufundi gani? Wa kumimina? Ile ile jamani, aliyoitoa mwenyewe kwa mkono wake! Oili nayo sijaona ikimwagwa. Ile ile!!

Chuma_Chakavu: Inauzwa mkuu? Nina laki na nusu mkononi.

Mleta uzi: HAIUZWI, ni ya mzee wangu. Mtu karudisha petroli ile ile we unaleta biashara?

Mamaa_Makambako: Sasa we ulisimama pale unamwangalia anamimina mpaka tone la mwisho? 😂😂 Mikono uliiazima nani

KikiMoja: Pole mkuu. Mwaga tena yote, fungua na ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta itoke iliyobaki, suuza tangi na petroli mpya mpaka kutu iishe. Plagi weka D8EA, gepu ya cheche milimita 0.6 hadi 0.7. Na asubuhi za huku vuta choki kwanza usipige kiki kavu.

Mamaa_Makambako: Akishasuuza ampelekee yule fundi kidumu, anayo kazi nayo 😂

BodaMstaafu: Mnamwonea fundi. Wabaya ni sheli. Mmesahau walivyokuwa wanatuchanganyia mafuta ya taa mpaka serikali ikapandisha kodi ya taa 2011? Tuliokuwa barabarani tunajua injini ngapi zilikufa.

Mleta uzi: Mzee sheli imeingiaje hapa?? KIDUMU. TANGI. ILE ILE.

Kitenge_Tu: Bora nyie mna pikipiki zinakohoa. Fundi cherehani wangu kitambaa cha harusi nimempa tangu Pasaka, harusi imepita, maharusi wana mimba, mie kila nikienda "njoo Jumamosi dada".

Chuma_Chakavu: Huyo wa pale sokoni juu ngazini?

Kitenge_Tu: Huyo huyo!!

BodaMstaafu: Ana suruali yangu huyo.

Mamaa_Makambako: Na sare za mwanangu, shule zinakaribia kufungwa mtoto anavaa za dada yake. Jumamosi saa ngapi tukamkalie pale?

Kitenge_Tu: Saa mbili, kabla hajafunga akakimbia.