Naomba ushauri: mchoro wa viputo unaniletea "mzuri, mkubwa" kila somo

Mwl_Chaki: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Darasa la Tano. Nimeanza kutumia mchoro wa viputo, jina la kitu katikati na sifa zake pembeni, ili watoto wajue kueleza kitu kilivyo. Naufundishia Sayansi, Hisabati na Jiografia. Karatasi zote zinarudi na "mzuri, mkubwa, mweupe". Mthibiti ubora anakuja wiki ijayo na sina usingizi. Nifanyeje?

Kibatari: Mwalimu, Kiswahili kina vivumishi halisi vichache. Ukiwaambia "andikeni vivumishi tu", wataishia hapo hapo. Wape njia nyingine: -a, -enye, isiyo na, na kitenzi chenye -o-. Chumvi: nyeupe, yenye punje za umbo la mchemraba, isiyo na harufu, inayoyeyuka kwenye maji. Sayansi imeshaingia hapo.

Bi_Hesabu: Kwenye Hisabati ndiko viputo huharibika zaidi. "Wa bluu" ni sifa ya mstatili uliochorwa ubaoni, si ya mstatili. Wafundishe kufuta: ondoa kiputo kimoja, uliza kama kitu bado ni kile kile. Ukiondoa "wa bluu", mstatili unabaki. Ukiondoa "wenye pembe 4 za nyuzi 90", unaweza kubaki na msambamba.

Mzee_wa_Kata: Walimu mnakimbilia michoro kabla ya kitu chenyewe. Mtoto hawezi kueleza asichokishika, na kumdai maneno ni kumwonea. Loweka maharage usiku kucha. Asubuhi wamenye ganda, wafungue nusu mbili, wakione kiini kidogo kilicholala pembeni. Maneno yatakuja.

Kibatari: Mwl_Chaki, viputo vingapi? Na nani anavichora?

Mwl_Chaki: Vinane. Vimeshachapwa, karatasi ya aina moja kwa masomo yote, nakala 500. Tumechangishana walimu watatu na mwalimu mkuu ameshaziona. Nina watoto 84. Wakichora wenyewe, kipindi cha dakika 40 kitaishia kwenye maduara.

Kibatari: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Mwenye sifa nne za kweli anaona matundu manne matupu, anayaziba kwa "mzuri".

Fundi_Mitaala: Ngojeni kwanza. Walimu watatu kutoa mfukoni nakala 500? Huyu anauza karatasi, anapima soko. Kesho ataweka namba ya simu.

Mwl_Chaki: Siuzi kitu, mkuu. Nanakili karatasi iliyo juu hapa mezani, Ziwa Tanganyika: refu, kubwa, zuri, samaki, wanavua, Kigoma, bluu, zuri.

Fundi_Mitaala: "Zuri" mara mbili ili vitimie vinane. Hii imetoka darasani, naomba radhi. Sasa tazama: "wanavua" ni kazi ya watu na "Kigoma" ni mahali, hayo yanajibu maswali mengine. Zungushia mchoro mzima fremu ya mraba, ndani yake waandike "umejuaje?" "Refu" itadai ramani: kilomita 670 hivi. Atakayeandika "lenye kina kirefu" aonyeshe mita 1,470. "Zuri" haina cha kuonyesha, itajitoa yenyewe.

Mwl_Chaki: Lakini nakala siwezi kuzitupa.

Kibatari: Usizitupe, zigeuze. Upande wa nyuma ni mweupe. Watoto watatu karatasi moja, ni karatasi 28 kwa kipindi. Duara la kati wafuatishe kifuniko cha chupa. Kiputo hakichorwi mpaka sifa itamkwe na wenzake wawili wakubali. Dakika 5 za kushika kitu, 15 za viputo, 5 za kufuta, 15 za kuandika aya. Kwenye aya, yaliyoonwa kwa jicho yakae pamoja, ya mkono pamoja. Wakifuata mzunguko wa viputo watatoa orodha tu.

Mwl_Chaki: Upande wa mbele nitautumia kwa Kiswahili, kueleza mhusika.

Bi_Hesabu: Basi waruhusu kuacha viputo vitupu, na uwaambie kabla hawajashika kalamu.

Mwl_Chaki: Sawa. Mzee, makundi 28, maharage 28 yanatosha?

Mzee_wa_Kata: Loweka 60. Mengine hayalainiki, na mengine yatapasukia mikononi kabla hawajakiona kiini.