Ovataimu ya lazima msimu wa parachichi: nani alikubaliana nao?

Wakuu, nimechoka na nina hasira. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi huku nyanda za juu kusini. Jina nalihifadhi, sitaki kibarua kiote nyasi.

Msimu ukichanganya hakuna anayeulizwa. Muda wa kutoka ukifika, supavaiza anasimama mlangoni: "Mzigo haujaisha, hatoki mtu." Geti linafungwa. Malori bado yanashusha kreti, na sisi tumesimama tangu asubuhi tunachambua, tunapanga saizi, tunajaza maboksi ya kilo 4. Ukisema una mtoto mdogo nyumbani, unajibiwa kesho usije. Kuna dada anayenyonyesha, namwona anavyohangaika na kifua kimejaa maziwa, na sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Hajawahi kupewa hata dakika.

Najua parachichi halisubiri. Likishachunwa ndipo linaanza safari ya kuiva, lazima liwahi kwenye ubaridi, na kontena lina meli yake. Sawa. Lakini msimu huu ni wa ghafla? Miti wanaijua, wakulima wanawajua, oda wamezisaini wenyewe. Kila asubuhi vijana wamejazana nje ya geti wanaomba kazi. Waajiri zamu ya pili! Hawataki, kwa sababu kutubana sisi ni rahisi kuliko kulipa watu wapya.

Sasa someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu ni kwa makubaliano, narudia, MAKUBALIANO, na isizidi saa 50 katika wiki nne. Hata mkikubaliana, siku moja haivuki saa 12. Malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kuanzia saa mbili usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Siku ya mapumziko ni mara mbili.

Sisi tunapewa soda, andazi na hela ya jumla, ile ile, uwe umekaa saa mbili au tano. Kwenye karatasi ya mshahara saa za ziada hazionekani kabisa. Halafu unatoka usiku, baridi ya Juni ya huku mnaijua, usafiri hakuna, bodaboda anataka karibu hela yote uliyopewa. Wanawake wanatembea kwa makundi gizani. Siku akiumizwa mmoja wao njiani, kiwanda kitasema alikuwa ameshatoka kazini.

Asiniambie mtu "acha kazi kama umechoka". Hela ya saa hizo ni yetu na tunaitaka.

Ninachoomba: waliowahi kupeleka dai la ovataimu CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi), mlitumia ushahidi gani wakati daftari la mahudhurio linakaa kwa mwajiri? Mimi na wenzangu tumeanza kuandika wenyewe saa za kuingia na kutoka, kila mmoja anasaini ya mwenzake. Inakubalika? Na tufungue kwa pamoja au kila mtu na lake? Mwenye uzoefu ajibu haraka, madai ya namna hii yana siku 60 tu na zinakatika.