Tumeuziwa kuendesha Nürburgring, tumeishia kuchungulia kwenye uzio. Nataka hela yangu

Wakuu habari zenu. Nimerudi Dar na hasira haijaisha, so naandika yote, uzi utakuwa mrefu mnivumilie.

Kuna kampuni ya safari hapa mjini, jina sitaji, walitangaza package ya Ulaya ya fasta fasta. Amsterdam, Brussels, Paris, unapita Ujerumani, unamalizia Zurich na Milan, nchi sita ndani ya wiki. Sasa mimi Paris haikunipeleka. Kilichonipeleka ni mstari mmoja kwenye tangazo lao: "utaendesha mwenyewe Nürburgring", ule uwanja wa mbio za magari wa Ujerumani. Na huo mstari una bei yake ya pembeni, milioni moja na nusu juu ya package, nimelipa yote kabla hata ya viza kutoka.

Kwa ambao hawaifahamu, naongelea ile barabara ndefu yenyewe, Nordschleife, ipo kwenye milima ya Eifel tangu 1927. Raundi moja ni karibu kilomita 21, kona zaidi ya 70, inapanda inashuka katikati ya msitu, dereva bingwa wa Formula 1 Jackie Stewart akaiita Jehanamu ya Kijani. Bingwa mwingine, Niki Lauda, alinusurika kufa mle kwa moto mwaka 1976 na Formula 1 haijarudi tena kwenye ile barabara. Halafu mtu wa kawaida kama mimi na wewe unaruhusiwa kulipa ukaingia na gari! Nimekua nacheza gemu za magari, kona zile nazijua kwa majina, Flugplatz, Bergwerk, Karussell, ukinifumba macho nakutajia inayofuata. Nikashughulikia kibali cha kimataifa cha udereva mapema, nikajizoesha kichwani kukaa upande wa kulia wa barabara maana wenzetu wanaendesha kulia na ku-overtake ni kushoto tu.

Siku yenyewe tumetoka Paris alfajiri, hakuna chai, tumefika saa saba mchana siku ya kazi. Geti la kuingilia magari ya wageni limefungwa. Kiongozi wetu anazunguka na simu anauliza uliza watu. Jibu alipewa palepale na kijana wa parking: siku za kazi mchana barabara mara nyingi wanakuwa wamekodi watengenezaji wa magari kwa ajili ya majaribio, wageni mnafunguliwa jioni, siku ile ilikuwa saa kumi na moja na robo. Na basi letu linaondoka saa kumi.

Hapo ndo pananiuma. Hiyo ratiba siyo siri! Kalenda ya lini wageni wanaingia na saa ngapi inawekwa wazi kwenye tovuti ya Nürburgring wenyewe, mtoto wa sekondari angeiangalia kwa dakika mbili. Kampuni inayochukua mamilioni ya watu haikuiangalia.

Wengine tukasema basi tusubiri jioni. Haiwezekani, dereva ana sheria zake, Ulaya dereva wa basi kila masaa manne na nusu lazima apumzike dakika 45 na kwa siku mwisho ni masaa tisa, kumi kwa kubanabana. Paris mpaka pale karibu kilomita 450, pale mpaka Zurich kama 500 nyingine, dereva mmoja, siku moja. Pigeni hesabu wenyewe. Hata bila Nürburgring ile siku isingewezekana, na kweli Zurich hatukufika, tumelala kwenye hoteli ya barabarani na hela ya chakula cha usiku tukatoa mfukoni.

Na gari je? Hakuna gari lililobukiwa. Gari la kawaida la kukodi mikataba yake mingi inakataza kabisa kuingia mle, ukigonga chuma cha pembeni unalipa gari na chuma chao. Kuna wanaokodisha magari maalumu palepale kijijini, ni mamia ya euro na dhamana juu, ila wanataka ubuku mapema. Tiketi ya raundi yenyewe siku za kazi ilikuwa kama euro 30. Sasa milioni na nusu yangu ilikuwa inanunua nini?

Tukapelekwa kwenye go-kart za ndani, na kila mtu ajilipie! Mimi sikupanda. Tuliobaki tukaenda kwenye kona ya Brünnchen kusimama nyuma ya uzio, gari za majaribio zinapita zimevalishwa zile stika nyeusi na nyeupe za kuficha bodi, zinaingia kona unasikia tairi zinalia, harufu ya breki inakufikia hapo ulipo. Kuna jamaa kutoka Mwanza alikuwa anatokwa machozi, na mimi nilikuwa karibu.

Tumerudi naomba refund naambiwa "ilikuwa nje ya uwezo wetu". Nje ya uwezo ni theluji, ni ajali, barabara ikafungwa ghafla. Kalenda iliyotoka mapema ipo nje ya uwezo wa nani? Nimewapelekea barua na risiti, wakinyamaza naenda Tume ya Ushindani.

Na kuna grupu lingine wanalikusanya sasa hivi, tangazo lilelile, mstari uleule. Kama umeweka advansi, usimalizie mpaka wakupe kwa maandishi tarehe na saa mtakayoingia barabarani, na uthibitisho wa gari lililobukiwa kwa jina lako. Na nyie mliokuwa kwenye basi lile njooni inbox, barua ya pili tusaini wote.