Kitafunwa gani kinamfaa mbwa anayefundishwa, hasa msimu huu wa zabibu?

Mwenyeji wa Ipagala

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, na kama yupo daktari wa mifugo miongoni mwetu nitashukuru zaidi. Nyumbani kwetu Ipagala tuna mbwa wa ulinzi wa miaka miwili, mwenye uzito wa takribani kilo 20, tunamwita Bosi. Chakula chake cha kila siku ni ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au utumbo wa ng'ombe, na hadi sasa afya yake ni njema.

Jambo linalonisumbua limeanza tangu kijana wangu wa darasa la sita alipoamua kumfundisha adabu, yaani kuketi anapoambiwa, kusubiri lango linapofunguliwa na kutowarukia wageni. Kila anapotii hupewa kitu cha kutafuna, na kwa kuwa mafunzo ni asubuhi na jioni, vitu hivyo vimekuwa vingi kuliko nilivyotarajia. Siku moja ni kipande cha andazi, siku nyingine karanga au biskuti, na mdogo wake naye humpitishia mifupa ya kuku chini ya meza. Jana jioni shemeji yangu alituletea ndoo ya zabibu kutoka Hombolo, nami nikamkuta kijana ameshika kichala, anamrushia mbwa punje mojamoja. Anasema amempa kama tano au sita. Nilimzuia, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba zabibu si nzuri kwa mbwa, ingawa sikujua ni kwa kiasi gani. Mbwa amelala vizuri na asubuhi hii anatikisa mkia kama kawaida. Je, nina sababu ya kuwa na wasiwasi? Na ni vitafunwa gani ambavyo kijana anaweza kuvitumia bila kumdhuru?

Mkulima wa Mpunguzi

Ndugu yangu, kabla hujasoma majibu mengine, mpeleke mbwa kwa daktari leo hii. Nalima zabibu, na hapo nyuma nilikuwa na mbwa jike aliyelinda shamba, mpole kwa watoto na mkali kwa wezi. Msimu mmoja wa mavuno tuliacha kreti ya zabibu zilizopasuka karibu na banda lake, akala nyingi. Siku ya kwanza alitapika, tukadhani ameshiba kupita kiasi. Siku ya pili akakataa chakula na kujilaza kivulini. Siku ya tatu hakuwa anakojoa tena, na tulipomfikisha kwa daktari tuliambiwa figo zimekwisha kushindwa. Tulikuwa tumempa maziwa tukiamini yanaua sumu, na hayakumsaidia kitu. Mbwa wangu alikuwa anatikisa mkia vilevile asubuhi ile ya kwanza, ndiyo maana nakuandikia kwa haraka hivi.

Daktari wa Mifugo, Dodoma Mjini

Namuunga mkono mkulima, na pole sana kwa kumpoteza mbwa wako.

Zabibu mbichi na zilizokaushwa zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, kwa kuwa mbwa mmoja anaweza kula nyingi asidhurike na mwingine akadhurika kwa chache. Kwa miaka mingi sababu haikufahamika. Mwaka 2021 madaktari wa kituo kimoja cha sumu za wanyama nchini Marekani walieleza kwamba inayoshukiwa zaidi ni asidi ya tartariki, na kwa kuwa kiwango chake hutofautiana kulingana na aina ya zabibu na ukomavu wake, tofauti hiyo kati ya mbwa na mbwa ikaanza kueleweka. Asidi hiyohiyo imo kwa wingi katika ukwaju, kwa hiyo kwa wakazi wa mkoa huu onyo lihesabiwe kuwa la vitu viwili. Kwa uzito uleule, zabibu kavu ni hatari zaidi, kwa sababu maji yametoka na sumu imebaki.

Mbwa akifikishwa kwa daktari ndani ya saa moja au mbili baada ya kula, tunaweza kumtapisha kwa dawa. Kwa Bosi muda huo umepita, kwa hiyo daktari atampima damu kuangalia figo, pengine atamwekea maji kwenye mshipa, na vipimo vitarudiwa hadi siku ya tatu. Tafadhali usijaribu kumtapisha mwenyewe kwa maji ya chumvi, kwani chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa.

Sasa nije kwenye vitafunwa. Kanuni tunayoifuata ni kwamba vitafunwa vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya nguvu anayoihitaji mbwa. Mbwa wa kilo 20 anahitaji takribani kilokalori 900 hadi 1,000 kwa siku, kwa hiyo fungu la vitafunwa ni kama 90 hivi. Yai moja la kuchemsha lina kilokalori 70 hadi 80, maana yake linakaribia kulimaliza fungu lote, na andazi moja linaweza kulivuka kabisa. Karoti moja ya wastani ina takribani 25 tu, na ikikatwa vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi inatosha mafunzo ya asubuhi nzima. Mbwa hahesabu ukubwa wa kipande, anachokijali ni kwamba amepewa, na amepewa papo hapo alipotii. Kwa hiyo mwambie kijana akate vidogo sana. Mbali na karoti, boga la kuchemsha, kiazi kitamu kilichoiva, tikiti maji lisilo na mbegu na nyama ya kuku isiyo na mfupa, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, vyote vinafaa.

Maini yanapendwa na mbwa kuliko karibu kila kitu, nami nayapendekeza kwa somo gumu, lakini yawe machache, kwa sababu vitamini A ikizidi humdhuru, na yawe yamechemshwa hadi ndani. Hili la kuchemsha nalisisitiza kwa wote wanaonunua maini, mapafu au bandama machinjioni na mnadani. Nyama za ndani za mbuzi, kondoo na ng'ombe zinaweza kuwa na malengelenge ya tegu mdogo, ambaye mbwa akizila mbichi hukua ndani ya utumbo wake. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakamfikia mtoto anayecheza na mbwa huyo, na kwa mtoto malengelenge huota kwenye ini au mapafu. Ukimkinga mbwa kwa hili, umewakinga na watoto. Mpe pia dawa ya minyoo kwa ratiba atakayokupangia daktari.

Mifupa ya kuku iliyopikwa ikome kabisa, kwa sababu hukatika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo. Mabaki ya mchuzi na makange nayo yasipewe, kwani kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Chokoleti ni sumu. Biskuti na pipi zisizo na sukari zinaweza kuwa na kitu cha kutia utamu kiitwacho zailitoli, ambacho humshusha mbwa sukari ya damu ghafla.

Mama wa Paka Watatu, Kisasa

Naomba kuongeza swali, daktari. Mimi nina paka, na nimekuwa nikiwapa maziwa kila asubuhi na dagaa jioni. Tena, karanga zimetajwa na ndugu wa Ipagala lakini hukuzigusa. Kwetu karanga kutoka Kongwa hazikosekani ndani.

Daktari wa Mifugo, Dodoma Mjini

Asante mama kwa kunikumbusha. Karanga zenyewe si sumu kwa mbwa, ila zina mafuta mengi, na zilizotiwa chumvi hazifai. Hofu yangu kubwa ni kwamba katika familia nyingi, karanga zilizochambuliwa na kutengwa kwa sababu ya ukungu ndizo zinazomwagiwa mbwa. Wakazi wa Dodoma na Manyara hatujasahau mwaka 2016, sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, ilipokuwa kwenye mahindi, watu wakaugua na wengine wakafariki. Sumu hiyohiyo hushambulia ini la mbwa, na kukaanga au kupika kwa kawaida hakuiondoi yote. Karanga au mahindi yasiyofaa kwa mtu hayamfai mbwa pia, wala kuku. Na hii inahusu hata dona la ugali wake.

Kuhusu paka, wengi wakishakua hawana tena uwezo wa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, na ukiona kinyesi chao ni chepesi, sababu inaweza kuwa hiyo. Wape maji safi. Paka hana hata uwezo wa kuonja utamu wa sukari, ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Dagaa ni kitafunwa kizuri kwake, ilimradi uwaloweke na kuwasuuza chumvi kwanza, na wasiwe ndio chakula chake pekee.

Mwenyeji wa Ipagala

Narudi kuwashukuru baada ya siku tatu. Nilimpeleka Bosi asubuhi ileile. Alipimwa damu, akawekewa maji kwa siku mbili, na kipimo cha leo kimeonyesha figo ziko salama. Anakula na anakojoa vizuri. Kijana wangu alilia sana aliposoma maelezo ya mkulima, na nimemweleza kwamba hakukosea kwa kukusudia, kwa sababu hata mimi niliyemzidi umri sikujua. Sasa anakata karoti mwenyewe kila jioni na kuzihifadhi kwenye kopo, na maini tunachemsha Jumamosi kwa ajili ya somo la kuwapokea wageni, ambalo bado linamshinda.

Tuna mkwaju mkubwa uani, na Bosi hupenda kulala chini yake. Je, tumhamishie banda lake upande mwingine?

Daktari wa Mifugo, Dodoma Mjini

Nimefurahi sana kusikia habari hizo. Kivuli chake hakina tatizo, mwacheni alale hapo. Fagieni tu ukwaju ulioanguka kila asubuhi kabla hajafunguliwa, na mumwonye kijana asiurushe kama mpira.